Mkataba wa kurasa kumi na nne na mwandiko wa Kasoki

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, taa za kliniki moja ya meno mtaani Merrylands, magharibi ya Sydney, zinawaka zote. Mlango wa mbele bado umefungwa. Ndani, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana anakizunguka kiti cha mgonjwa, barakoa imembana puani, kitambaa cha njano mkononi. Anakikunja mara mbili, anafuta sehemu moja, anageuza upande, anafuta nyingine.

“Pande munane,” anasema bila kuinua kichwa. “Kila kipande ya kiti na upande yake. Ukirudilia ule ule, haukusafisha. Ulitembeza tu uchafu.”

Huyo ni Honorine Kasoki, umri miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Butembo, mashariki ya Kongo. Kwake vitambaa vyekundu ni vya vyoo, vya kijani ni vya jikoni, vya bluu ni vya meza na viti vya wanaosubiri, na vya njano havitoki nje ya chumba cha daktari. Anayechanganya rangi hukutana na ulimi wake, na ulimi huo hauna simile.

Ni Machi 2022. Korona haijaondoka, ila imepunguza kiburi, na wagonjwa wameanza tena kuketi viti vilivyo jirani. Kasoki anakuja hapa asubuhi tano kwa wiki pamoja na mwenzake, Bibiane, ambaye sasa hivi yuko jikoni akigombana na mashine ya kahawa. Miezi mitano iliyopita, wote wawili hawakuruhusiwa kuingiza hata ufagio ndani ya kliniki hii.

Aliyewazuia hakuwa polisi wala afisa wa afya. Walizuiwa na mkataba walioutia sahihi wenyewe. Na mpaka hapo utakapoelewa Kasoki alikuwa nani kabla ya kushika mopa, hutaelewa kwa nini mkataba huo ulimfunga yeye zaidi ya ulivyomfunga mtu mwingine yeyote.

Huko Butembo, Kasoki alikuwa karani wa mahakama. Kwa miaka minane alipokea mashauri, akagonga mihuri na kunakili hukumu kwa mwandiko ulionyooka hata mahakimu wakauonea wivu. Sheria ya mikataba aliyoikuta pale ililetwa na Wabelgiji mwaka 1888, na kifungu chake cha thelathini na tatu anakijua mpaka leo kwa Kifaransa, kama wengine wanavyojua sala ya jioni. Maana yake ni kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya.

“Kwetu, contrat njo loi,” anasema, yaani mkataba ndio sheria. “Ulisaini, ilikwisha. Niliona watu wanapoteza shamba mbele yangu, wanalia, na mimi niko naandika tu. Sikuhurumiaka mtu. Nilisema, alisaini.”

Vita vilimtoa Butembo mwaka 2008 akiwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni, binti yake Clarisse. Mume hakutoka. Miaka sita ya kambi ya wakimbizi nchini Uganda ikafuata, halafu ndege, halafu nyumba ya vyumba viwili Merrylands na Kiingereza cha kujifunzia basini. Ukarani wa mahakama haukumsaidia kitu. Usafi ulimpokea, na yeye, kwa kuwa hajui kufanya jambo nusunusu, akausoma usafi kama alivyousoma ukarani.

Novemba 2018 kampuni moja ya usafi wa zahanati ilimwita ofisini. Haikumwajiri. Ilimtaka aje kama mkandarasi mdogo mwenye biashara yake, gari lake, sabuni zake na bima yake, alipwe dola ishirini na tisa kwa saa. Mbele yake ukawekwa mkataba wa kurasa kumi na nne. Aliomba aende nao nyumbani. Kijana wa tai aliyekuwa mezani akamwambia ni makaratasi ya kawaida tu, na kwamba zamu ya kwanza inaanza kesho yake.

Kasoki akachukua kalamu. Lakini hakutia sahihi tu, na hapo ndipo Kongo ilipojitokeza. Kwao sahihi peke yake ni uchi. Mtu mwenye heshima zake, kabla ya kusaini, huandika kwa mkono wake maneno ya Kifaransa, “Lu et approuvé”, yaani nimesoma na nimekubali. Akayaandika vizuri, kwa mwandiko ule ule wa mahakamani, kisha akasaini chini yake. Yule kijana akauliza maana, akaambiwa, akafurahi.

Tatizo ni kwamba hakuwa amesoma.

“Hiyo njo aibu yangu,” anasema, na hapa kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaweka kitambaa chini. “Greffière mzima, karani ya tribunal. Niliandika kama nimesoma, na sikusomaka hata ukurasa moja. Niliogopa kukosa kazi.”

Aibu hiyo ilikuja kuzaa nyingine. Mwaka uliofuata Bibiane, mama wa watoto watatu kutoka Bukavu ambaye alikutana naye kanisani, alitafuta kazi. Kasoki akampeleka kwenye kampuni ile ile, akaketi kando yake, na yeye mwenyewe akamwelekeza mahali pa kuandika maneno yale. Bibiane akaandika. Aliyemwelekeza alikuwa karani wa mahakama, angeogopa nini?

Kwa miaka miwili na nusu mambo yalikwenda. Kasoki alikuwa na saa thelathini na nane kwa wiki kwenye vyumba vya madaktari karibu na hospitali za Westmead. Halafu, mwishoni mwa Juni 2021, Sydney ikafungwa, na mitaa ya magharibi ikabanwa kuliko mingine. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya Merrylands. Madaktari wengi wakahamia kwenye simu na vyumba vyao vikafungwa. Saa thelathini na nane za Kasoki zikawa tisa. Wiki moja ya Agosti zikawa nne.

Alivumilia. Kila mtu alikuwa amefikwa na maji ya shingo, na kampuni nayo ilidai kwamba imefikwa. Kilichomchoma kilikuja mapema Septemba, wakati daktari wa meno wa Merrylands, mwanamke aliyekuwa akimfahamu tangu alipomtibu Clarisse, alipompigia simu. Msafishaji wake alikuwa amerudi kwao. Alitaka watu wawili wanaojua kazi ya zahanati, asubuhi tano kwa wiki, kuanzia tarehe mosi Desemba. Angeweza kusubiri mpaka hapo kwa sababu kliniki ilikuwa ikifunguliwa siku mbili tu.

Jioni hiyo Kasoki alitoa kurasa kumi na nne kwenye mfuko wa plastiki na kumpa Clarisse, ambaye alikuwa na miaka kumi na tano na ambaye huzungumzishwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Binti akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti.

Kifungu cha tisa kiliipa kampuni ruhusa ya kubadili saa na vituo vyake wakati wowote bila kumwuliza, na haikulazimika kumpa hata saa moja. Kifungu cha kumi na nne kilimkataza kumsafishia mtu mwingine yeyote katika eneo zima la Parramatta na Cumberland, Merrylands ikiwemo, wakati wa mkataba na mwaka mmoja baada yake. Kifungu cha kumi na saba kilisema mkataba utajirudia wenyewe kwa miaka mitatu mingine ifikapo tarehe 30 Novemba, isipokuwa akitoa taarifa ya maandishi ya kuukataa ndani ya wiki ya mwisho ya Agosti.

“Mum, that was last week,” Clarisse alisema.

Kasoki alimpigia daktari kesho yake akamkatalia. Hakutafuta ushauri wala hakulia. Alikuwa amesaini. Mambo yalimwendea segemnege zaidi Bibiane, ambaye kwa saa sita za wiki hakuweza kulisha nyumba.

“Nilimwambia, Mama Clarisse, wewe njo ulinishika mkono nikaandika,” anasema Bibiane, ambaye ametoka jikoni sasa na hana haya ya kulirudia mbele ya mwenyewe. “Kama wewe unataka kufa na ile papier, kufa peke yako. Mimi niko na batoto.”

Kwa siku tatu hawakusemezana. Kasoki anakiri kwamba maneno hayo yalimwuma kuliko saa zilizopotea. Mkataba wake ungeweza kumfunga yeye mpaka kaburini, hilo lilikuwa lake. Lakini Bibiane alikuwa ameingia kwa kumwamini.

Ibada ya Jumapili wakati huo ilikuwa kwenye kompyuta, Wakenya na Wakongo pamoja, kila mmoja ndani ya kisanduku chake, na mtu mmoja daima akisahau kuzima kipaza sauti. Matangazo yalisomwa na Chebet, msichana wa Kenya anayesoma sheria chuo kikuu kule Kensington, mashariki ya Sydney. Jumapili hiyo alitangaza kwamba Alhamisi anajitolea kwenye kituo cha msaada wa sheria, chini ya wakili, na kwamba simu ni bure. Kasoki aliandika namba.

Lakini hakupiga ili afunguliwe. Alipiga kuomba asaidiwe kuandika barua ya heshima ya kuiomba kampuni imhurumie Bibiane.

“Nikamwambia, Auntie, hebu nitumie hiyo contract nione kwanza, barua tutaandika baadaye,” anakumbuka Chebet. “Akanitumia picha kumi na nne. Nikaanza kusoma, nikasema, wah. Auntie, hii kitu haiko fair. Inaweza kuwa void, some parts. Akanikasirikia. Akanirushia article thirty-three kwa French.”

Mabishano yao yalichukua karibu saa nzima. Kasoki alishikilia kwamba sheria ni sheria, na kwamba mtoto wa juzi hawezi kumfundisha mkataba ni nini. Chebet, bahati yake, alikuwa amezama kwenye tasnifu ndogo ambayo wenzake walimcheka kwayo. Aliandika jinsi sheria ya Ulaya inavyoingia ndani ya sheria za mikataba za nchi mojamoja, na kwa nini haiishii mipakani mwa Ulaya. Msimamizi wake alimkumbusha mara mbili kwamba Australia haimo Ulaya. Yeye akaendelea.

Akamweleza Kasoki polepole. Mwaka 1993 Jumuiya ya Ulaya, yenye makao Brussels, ilitoa agizo kwa nchi wanachama kuhusu mikataba ambayo mfanyabiashara huiandika peke yake na mteja hana la kubadili. Agizo lilisema kifungu kikitia tofauti kubwa kati ya haki na wajibu wa pande mbili, kwa kumwumiza mteja na kinyume cha nia njema, hakimfungi. Kila nchi ikalazimika kuliingiza nyumbani kwake. Waingereza, waliozoea kusema ukisaini umejifunga, usome usisome, wakaliingiza shingo upande. Wajerumani, waliokuwa na sheria ya namna hiyo tangu zamani, wakaihamishia ndani ya kitabu chao kikuu cha sheria za raia. Wafaransa walikwenda mbali zaidi, na mwaka 2016 wakaweka kanuni inayofanana nayo katika sheria yao ya mikataba kwa ujumla.

Hapo Kasoki akamkatiza. “Hata Bafaransa?”

“Hata wao, Auntie. Na hiyo article yako Wabelgiji waliitoa kwao.”

Kutoka Uingereza, alisema Chebet, maneno yale yakavuka bahari bila mtu kuyalazimisha. Jimbo la Victoria liliyafuata mwaka 2003. Kuanzia 2011 yakawa sheria ya Australia nzima, ingawa njiani ile “nia njema” ilianguka. Mwishoni mwa 2016 yakapanuliwa yasiwalinde wateja tu, bali hata biashara ndogo zenye watu chini ya ishirini. Biashara ya Kasoki ilikuwa na mtu mmoja na gari moja. Mkataba wake ulikuwa wa 2018.

“Waingereza wenyewe wametoka EU,” aliongeza Chebet, “but hiyo rule walibaki nayo. Na sisi huku tuko nayo, na hatujawahi kuwa ndani.”

Kasoki alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni, anasema, akiwaza watu wa Butembo waliopoteza mashamba mbele yake huku akiandika.

“Donc,” alisema mwishoni, “ile iliyonifunga ilitoka kwa Babelgiji. Na hii nayo inatoka kule kule, Brussels?”

“Kule kule. Lakini haikufungui, Auntie. Inakupa tu questions za kuuliza.”

Maswali yalikuwa matatu, na Kasoki aliyaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Je, kifungu kinatia tofauti kubwa kati ya haki za kampuni na zake? Je, ni cha lazima ili kampuni ilinde maslahi yake halali? Je, kikitumika kitamwumiza? Lakini yote hayo ni kwa mkataba wa aina moja, ule unaotolewa tayari, chukua au acha. Kama kampuni ingeonyesha kwamba mkataba ulijadiliwa, maswali yangekwisha kabla ya kuanza. Kisha Chebet akamwonya kwamba anayeweza kutangaza kifungu ni batili ni mahakama peke yake. Walichoweza kufanya kabla ya 30 Novemba ni kuiita kampuni kwenye ofisi ya jimbo inayosuluhisha migogoro ya biashara ndogo.

Tangu siku hiyo Kasoki alifunga kibwebwe. Kwa siku tisa, yeye na Clarisse walikaa mezani na kamusi mbili, ya Kifaransa na ya Kiswahili, wakaupitia mkataba neno kwa neno. Alichora mstari katikati ya daftari. Upande mmoja aliandika kila kitu ambacho kampuni inaweza kufanya. Upande wa pili aliandika kila kitu anachoweza kufanya yeye. Upande wa kampuni ulijaza kurasa tatu. Upande wake ulikuwa na mistari miwili, na mmoja wake ni haki ya kununua barakoa zake mwenyewe.

“Nilisoma ile contrat kuliko bibliya,” anasema. “Miaka tatu nimechelewa, mais nilisoma.”

Kikao kilifanyika tarehe 9 Novemba, kwenye kompyuta. Kampuni iliwakilishwa na meneja wake wa eneo. Kasoki alikaa na Bibiane kwenye kochi moja, kwa kuwa mji ulikuwa umefunguliwa na walikuwa wamekwisha kupatana, na wakili wa kituo alikuwa kwenye kisanduku chake pamoja na Chebet, ambaye aliruhusiwa kutafsiri. Msuluhishi alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya kutuliza watoto.

Meneja hakuwa mtu wa matusi. Alisema biashara ngumu, alisema kampuni lazima ilinde wateja wake. Kisha akatoa alichodhani ni turufu. Mama huyu, alisema, si mtu asiyejua alichokifanya. Tulizungumza naye, akaelewa, na kuna uthibitisho ambao sijawahi kuuona kwa mkandarasi mwingine. Akaonyesha ukurasa wa kumi na nne kwenye skrini. Pale juu ya sahihi, kwa mwandiko ulionyooka, palikuwa na maneno yale. Amesoma na amekubali, alisema meneja, kwa mkono wake mwenyewe.

Chebet alijua kwamba mkataba ukionekana ulijadiliwa, maswali yao matatu yamekwisha. Wakili akaanza kutafuta karatasi zake. Bibiane alimtazama Kasoki, ambaye aibu yake ya miaka mitatu ilikuwa imetandazwa mbele ya watu watano.

Halafu akaomba kusema.

Alisema kwa Kiswahili, Chebet akitafsiri, na waliomsikia wanasema sauti yake ilibadilika ikawa ya mtu mwingine. Aliomba ukurasa wa kwanza ufunguliwe. Alisema kwa miaka minane kazi yake ilikuwa kupokea mikataba mahakamani, na kwamba mkataba uliojadiliwa una alama zake. Watu wakibishana juu ya mstari, mstari hukatwa, na kando yake kila mmoja hutia herufi za jina lake. Bei hufutwa ikaandikwa nyingine. Neno huongezwa pembeni. Mkataba uliojadiliwa, alisema, huwa mchafu.

“Nikamwambia, tafuta,” anasema Kasoki. “Page ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nilimpitisha zote kumi na inne, polepole, hata akachoka. Kila mahali ni mashine. Mwandiko ya mutu njo ile yangu peke yake, ya mwisho. Nikasema, Monsieur, kama tulizungumza, wewe mkono yako iko wapi?”

Kisha akamwambia Bibiane ainue mkataba wake mbele ya kamera. Kurasa kumi na nne. Vifungu vile vile, kwa mpangilio ule ule, jina tu limebadilishwa. Na mwishoni, mwandiko wa Bibiane, maneno matatu yale yale ambayo Kasoki alimfundisha.

Na kuhusu kusoma, Kasoki hakujificha. Alisema alidanganya. Aliandika amesoma naye hakusoma, kwa sababu alipewa dakika kumi na kazi ilikuwa kesho yake, na kosa hilo ni lake na amelijutia. Lakini sheria ya hapa, alisema, haikumwuliza kama alisoma. Iliuliza kama kilichoandikwa ni cha haki. Akafungua daftari, akasoma upande wa kampuni, kurasa tatu. Akasoma upande wake, mistari miwili. Akalifunga.

Msuluhishi aliomba mapumziko ya dakika ishirini. Yakawa arobaini.

Kampuni haikukiri kosa lolote, na mpaka leo hakuna mahakama iliyosema lolote juu ya mkataba ule. Lakini wiki moja baadaye barua ilifika. Kampuni ilikubali kwamba mkataba wa kila mmoja wao utakoma tarehe 30 Novemba na hautajirudia, na kwamba haitatumia kifungu cha kumi na nne dhidi yao. Kasoki aliisoma barua mara tatu, kila neno, kabla ya kumpa Bibiane. Bibiane aliisoma mara moja tu.

“Nililia,” anasema Bibiane. “Yeye hakulia. Alisema, twende tununue vitambaa.”

Leo gari la Kasoki lina jina la biashara ubavuni, na saa zake zimerudi thelathini na tatu kwa wiki. Ana kliniki hii ya meno na vyumba vya daktari wa macho mmoja. Mwezi wa Agosti anataka kuomba kazi ya jengo zima la zahanati kule Westmead, na kwa hiyo kufikia Julai anatafuta wanawake wawili zaidi. Chebet amemaliza tasnifu yake, na ukurasa wa mwisho una mwanamke asiyetajwa jina, mfanya usafi wa magharibi ya Sydney. Msimamizi aliandika kando kwamba hapo ndipo hoja ilipoeleweka.

Kasoki ana mpango mwingine ambao anauona mkubwa kuliko jengo. Januari aliandika mkataba wake mwenyewe, wa kurasa mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kwa kila atakayefanya kazi naye. Chini ya kila kifungu ameacha mistari mitupu. Atakayekuja lazima akae nao nyumbani siku tatu. Haruhusiwi kuurudisha siku ile ile, hata akiapa.

Wa kwanza kupewa alikuwa Bibiane. Aliurudisha siku ya nne, baada ya kanisa. Kifungu cha tano, kilichomtaka apokee simu ya Kasoki siku yoyote, pamoja na Jumapili, kilikuwa kimekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja mnene kutoka mwanzo hadi mwisho. Chini yake, kwenye nafasi iliyoachwa, palikuwa na mwandiko wa Bibiane: Jumapili ni ya Mungu na ya kulala.

Kasoki alinuna. Hilo analikiri. Alinuna mchana kutwa, akaosha ndoo ambazo zilikuwa safi, akamwuliza Clarisse kama ameona utovu wa adabu wa namna hiyo. Clarisse akasema kwa Kiingereza kwamba ndiyo maana ya ile mistari mitupu.

Mkataba huo anao hapa, kwenye kabati ya vitambaa. Anautoa, anaufungua kwenye kifungu cha tano, anaonyesha mstari mwekundu. Kando yake kuna herufi mbili za jina la Bibiane, na chini ya hizo, zimeandikwa jioni ile ile ya kununa, kwa mwandiko ulionyooka wa mahakamani, herufi mbili za jina lake.

“Ona vile iko chafu,” anasema, akiufuta vumbi kwa upande safi wa kitambaa. “Sasa hii njo contrat.”